Mgahawa wa samaki wa Kirumba: sato mzuri, na uongozi unaoonekana hadi mezani

Mtu anayetafuta sato wa kukaanga jijini Mwanza hana haja ya kuelekezwa mbali, kwa kuwa kuanzia Igogo hadi Pasiansi kuna sehemu nyingi zinazompika samaki huyo vizuri, na baadhi yake zinampika vizuri kuliko mgahawa ninaouzungumzia hapa. Kinachoutofautisha mgahawa huu mdogo wa Kirumba ni namna unavyoendeshwa. Mteja huketi, huagiza, hula na kulipa bila kudanganywa hata kwa jambo dogo, na hali hiyo haikujileta yenyewe. Imejengwa na mama mwenye mgahawa kwa desturi ndogondogo ambazo yeye hutangulia kuzifuata kabla ya kumtaka mfanyakazi yeyote azifuate. Nitaeleza samaki, bei na mahali kama inavyopaswa, lakini nitakaa zaidi kwenye uongozi, mawasiliano na mfano anaouonyesha, kwa sababu ndivyo vinavyonirudisha pale hata siku ambazo samaki mwenyewe si wa kutajwa.

Ofisi nyingi za jiji hili hukodi kumbi za hoteli zinazotazama ziwa ili watumishi wao wafundishwe mambo hayohayo kwa siku mbili, pamoja na chai ya saa nne na posho. Sina ugomvi na semina hizo, nami nimewahi kunufaika na chai yake. Ningependa tu siku moja mwezeshaji awalete washiriki wake Kirumba saa saba mchana, wakati meza zote zimejaa na mafuta yanachemka, kisha anyamaze, awaache watazame.

Mgahawa wenyewe hauna jina. Kibao cha bati kilichopo barabarani kimeandikwa SAMAKI WAPO, na mshale uliochorwa chini yake unaelekeza kichochoro kinachoteremka kuelekea Mwaloni, soko ambako dagaa na samaki wakavu wa Ziwa Victoria hukusanywa kabla ya kusafirishwa mikoani na nchi jirani. Kichochoro kina mawe, kama ilivyo desturi ya jiji letu la miamba, na mvua ikinyesha huteleza. Mzee anayetembelea mkongojo atapata taabu, na hapajawekwa hata kamba ya kushikilia. Ndani kuna meza za mbao zisizozidi kumi na mbili, viti vya plastiki, televisheni ambayo sauti yake ingepunguzwa bila mtu yeyote kuumia, na jiko lililotenganishwa na wateja kwa ukuta wa saruji unaoishia kiunoni. Ukuta huo mfupi ndio jambo la kwanza la kuangaliwa. Mama alinieleza kwamba fundi alishauri uinuliwe hadi darini ili wateja wasione vurugu za jikoni, naye akamjibu kwamba kama kuna vurugu ni bora zionekane. Tangu hapo kila anayekaanga, anayekata na anayeosha hufanya kazi yake mbele ya macho ya watu, na Mama mwenyewe akiwa miongoni mwao.

Juu ya ukuta huo, upande wa mlango wa nyuma ambako samaki hupokelewa, imechorwa mistari miwili ya rangi ya buluu. Mmoja upo sentimita 25 kutoka ukingoni, na wa pili upo sentimita 50. Hivyo ndivyo vipimo vya chini ambavyo kanuni za uvuvi zinaruhusu, sentimita 25 kwa sato na sentimita 50 kwa sangara, ili samaki apate nafasi ya kuzaa kabla ya kuvuliwa. Hakuna mtu anayeishi kandokando ya ziwa hili asiyezijua kanuni hizo, na hakuna asiyejua kwamba samaki wadogo bado wanauzwa. Nimeketi karibu na mlango huo mara nyingi, kwa sababu ndiko kwenye upepo, na ndiko nilikomwona kijana mmoja akileta ndoo ya sato asubuhi ambayo samaki walikuwa haba. Aliyekuwa zamu ya kupokea alikuwa binti aliyekuja kujifunza kazi, ambaye nadhani hajafikisha miaka ishirini. Alimlaza kila samaki kwenye mstari, pua ikigusa ukingo, akawatenga wale ambao mkia haukufika.

"Mama, leo nisaidie," kijana akasema, akimruka binti. "Hawa wadogo nakuachia kwa nusu bei. Akishakaangwa nani atajua?"

Mama alikuwa akimenya vitunguu. Hakuinua kichwa. "Anayepokea leo ni huyo dada yako," akasema. "Zungumza naye."

Binti alisita kidogo, halafu akajibu, "Kaka, hawa hawafiki mstari. Waliofika tunawachukua wote, kwa bei uliyotaja."

Nililiona tukio hilo kuwa na uzito kuliko maneno mengi niliyowahi kuyasikia kuhusu kukasimu madaraka. Mama angeweza kumaliza jambo kwa sentensi moja, na kijana angeondoka. Lakini binti angebaki akijua kwamba madaraka yake ya kupokea samaki ni ya wakati hakuna ubishi, na yule kijana angejua kwamba siku nyingine asihangaike na binti. Ni vyema pia kuangalia kile ambacho Mama hakukifanya: hakuutumia uhaba wa siku hiyo wala unyonge wa kijana kuwashusha bei wale waliofaa. Baada ya kipimo, binti alifunua mashavu ya samaki mmoja mmoja kuangalia kama bado ni mekundu, akabonyeza ubavu kwa kidole kuona kama nyama inarudi, kisha akamkabidhi kijana ndoo yake na fedha yake. Hayo yote yalichukua muda mfupi kuliko ninaoutumia kuyaandika.

Msimamo huo una gharama, na anayelipa sehemu yake ni mteja. Zipo siku ambazo ubao wa pale unasema hakuna sato ilhali moshi wa sato unapanda kutoka kwa majirani pande zote mbili. Wateja hunung'unika. Dereva mmoja wa bodaboda aliwahi kuuliza kwa sauti kama leo wanaweza kukaangiwa mstari, na watu wote wakacheka, Mama akiwemo. Hakukasirika wala hakuanza kuhutubia juu ya uhifadhi wa ziwa. Alimweleza kwamba kuna sangara na kuna mayai, akamwachia uamuzi. Yule dereva alikula mayai. Hadi leo anakula pale.

Ubao nilioutaja ni wa chaki, umeegemezwa karibu na ndoo ya kunawia, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu bora ya huduma nzima. Migahawa mingi huandika orodha ndefu ya vyakula ambavyo nusu yake havipo, na mteja hulazimika kuvigundua kimoja kimoja kwa kuuliza na kukataliwa. Hapa ubao huandikwa upya kila asubuhi, na una sehemu tatu: kilichopo, kisichopo, na kinachosubiriwa pamoja na muda wake. Sehemu ya pili ndiyo iliyonishangaza siku ya kwanza, kwa sababu sikuwahi kuona mfanyabiashara akitangaza kwa hiari kile asichokuwa nacho.

Wakati mwingine ubao hutoa hata sababu. Zinapofika siku za mbalamwezi huandikwa kwamba dagaa wabichi hawapo hadi giza lirudi. Kwa mtu wa Mwanza maelezo hayo yanatosha, lakini kwa mgeni inafaa kufafanua kwamba dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, na sasa nyingi ni taa za umeme wa jua. Taa huwavuta dagaa pamoja pale tu ambapo usiku ni wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote lina mwanga, dagaa hutawanyika, na wavuvi wengi hupumzika, hutengeneza nyavu zao au hurudi makwao kusubiri. Mgahawa ungeweza kuwachukua dagaa wakavu, ukawaloweka, ukawauza kwa jina la wabichi, na wateja wengi wasingegundua baada ya nyanya na vitunguu kuingia. Dagaa wakavu wapo pale mwaka mzima, na huandikwa hivyohivyo: wakavu.

Kuhusu muda, sote tunaijua dakika tano ya mhudumu wa Kitanzania, ambayo inaweza kuanza saa saba na kumalizika saa nane na robo. Hapa dakika tano imepigwa marufuku, na sisemi hivyo kwa utani, kwani nimesikia mhudumu mpya akirudishwa mezani na mpishi kwenda kulisahihisha neno hilo. Sato wa kukaanga huchukua karibu nusu saa kwa kuwa hakaangwi kabla ya kuagizwa, na mteja huambiwa nusu saa. Wapo wanaosikia hivyo, wakashukuru na kwenda kwingine. Mama anasema ni afadhali mtu aondoke akiwa na njaa kuliko aondoke akiwa na hasira, maana mwenye njaa atarudi. Nimeshuhudia wengi wakirudi, ingawa lazima niongeze kwamba siku za kazi, mtu mwenye saa moja tu ya mapumziko hafai kuagiza chochote cha kukaanga pale. Na aagize kile kilichopo tayari.

Nije kwenye chakula chenyewe. Sato wa kukaanga huja mzima, amechanjwa mbavuni, ngozi ikiwa kavu na nyama ikiwa bado na maji yake, bila viungo vingi zaidi ya chumvi, ndimu na kitunguu saumu. Mchemsho wake ni mwepesi, una nyanya, karoti, hoho na ndizi mbichi, na ndio ninaoupendekeza kwa mtu anayetoka safari. Asubuhi kuna supu ya kichwa cha sangara, nzito na ya moto, ambayo huisha kabla ya saa tatu kwa sababu wachukuzi wa Mwaloni huiwahi. Ugali ni wa dona au wa muhogo, na ule wa muhogo ni laini, mweusi kidogo, na hauna harufu kali inayowakimbiza wasiouzoea. Mboga ya mgagani iliyoungwa kwa karanga ni nzuri kiasi kwamba nimewahi kuila peke yake na ugali nikaona sijapungukiwa. Kachumbari, kwa upande wake, ina chumvi nyingi kila siku, jambo linaloonyesha kwamba aliyeiandaa haionji. Chipsi ni za kusahau. Juisi ya ukwaju ni nzuri lakini haipoi vizuri, kwa kuwa jokofu moja ndilo linalobeba vinywaji vyote na lipo karibu na jiko.

Mawasiliano kati ya meza na jiko yanastahili maelezo yake. Hakuna karatasi za oda. Mhudumu husikiliza, hurudia mbele ya mteja alichoagiza, kisha huenda kwenye ukuta mfupi na kuitangaza oda kwa sauti, na mpishi huitikia kwa kuirudia neno kwa neno. Asipoitikia, mhudumu haondoki. Tangazo lenyewe huanza na kile kisichotakiwa: "Bila karanga, mgagani, dona, sato mmoja wa kukaanga, meza ya nne." Mpangilio huo ulinichanganya mwanzoni, kwa maana sote tumezoea kutaja chakula kwanza na masharti baadaye. Nimeupata mwanzo wake kwa kuwapo siku kosa lilipotokea.

Mzee mmoja, nadhani mfanyabiashara wa nafaka, aliagiza mchemsho wa sato bila pilipili, akaletewa uliojaa pilipili. Alipolalamika, kijana aliyemhudumia alianza kujitetea kwamba mzee hakusema. Kabla ubishi haujakomaa Mama alifika akiwa anajifuta mikono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba niondoe sahani hii tukupikie nyingine. Itachukua dakika ishirini na tano. Muda utakuwepo?"

"Muda ninao. Tumbo ndilo lisilo na muda wa pilipili."

Mama alicheka, akaichukua sahani mwenyewe, akaondoka na kijana nyuma yake. Hakusema mbele ya mzee nani alikosea, wala hakumgeuza kijana kuwa ngao yake kwa kusema kwamba vijana wa siku hizi hawasikii. Kwa kuwa ukuta ni mfupi niliyasikia mazungumzo yao nyuma ya sufuria. Alimwuliza kama aliirudia oda. Kijana akakubali kwamba aliirudia mezani, lakini alipofika jikoni hakusubiri kuitikiwa, kwa sababu meza nyingine ilikuwa inamwita. Mama akamwambia aende kumwomba radhi mzee, na kwamba kesho asubuhi aje na wazo la namna ya kuzuia kosa hilo lisirudi. Hapakuwa na makelele, na nilimwona kijana akienda mezani kwa mzee akiwa ameinamisha kichwa kwa adabu, si kwa kuvunjika moyo.

Kila asubuhi, kabla ya saa moja, wafanyakazi husimama kwenye duara karibu na meko kwa muda mfupi. Wanywaji wa supu tunaruhusiwa kuwapo, tena hatuombwi kuziba masikio. Kesho yake kijana alieleza kwamba mpishi anaposikia "mchemsho wa sato" mkono wake huanza kazi, na neno "bila" linapofika pilipili imekwisha kuingia. Kwa hiyo akapendekeza "bila" ianze. Mpishi, ambaye ni mkubwa kwake kwa umri na kwa kazi, alikubali kwamba ndivyo ilivyo. Utaratibu ulibadilishwa palepale, na tangu siku hiyo sijaona mteja akiletewa asichokitaka. Mtu aliyekosea ndiye aliyepewa nafasi ya kurekebisha, na rekebisho lake sasa linatumiwa na wote, hata na Mama anapohudumu. Sijui semina ipi ingelifikia jambo hilo kwa haraka kiasi hicho.

Wateja wanaotoka Kongo na Burundi kufuata dagaa Mwaloni hupata huduma ileile, ingawa Kiswahili chao na chetu hufanana bila kulingana. Kwao mhudumu huandika bei kwenye kipande cha karatasi baada ya kuitamka, na nimegundua kwamba hakuna anayecheka lafudhi ya mtu. Sehemu nyingine za jiji wageni hao huigizwa wakiwa bado wanatafuna.

Mfano anaouonyesha Mama ni wa mambo madogo kiasi kwamba mtu anaweza kukaa pale mwezi mzima asiuone. Huanza kazi kwa kunawa mikono kwa sabuni kwenye ndoo ileile ya wateja, iliyopo mbele ya watu, wala si kwenye bomba la nyuma. Simu yake huiweka kwenye mfuko wa aproni na haipokei akiwa anahudumia. Chakula cha mchana cha wafanyakazi hutoka kwenye sufuria ya wateja, na yeye hujipakulia wa mwisho. Siku ambayo mgagani uliungua, waliula wote, naye akiwemo, na mezani haukupelekwa. Risiti ya mashine hutolewa bila kuombwa. Wapo wateja wanaosema "acha tu, Mama, risiti ya nini," wakidhani wanamsaidia, naye huwawekea mezani hata hivyo, na wahudumu wake wameiga kufanya vivyo hivyo bila kuambiwa. Bei ni moja kwa aliyevaa tai na kwa kuli mwenye vumbi la dagaa mabegani.

Lipo jambo moja katika utaratibu wake ambalo silikubali. Juu ya jokofu kuna kopo tupu la maziwa ya unga, na anayechelewa kikao cha asubuhi hutumbukiza shilingi 500. Mama pia hutumbukiza. Nimemwona akifanya hivyo siku ambayo mvua ilimkwamisha Buhongwa, tena aliomba radhi akiwa amesimama, bila kuitupia mvua lawama zote. Mwisho wa mwezi fedha hizo hununua soda za wote. Yote hayo yanapendeza kuyatazama. Hata hivyo shilingi 500 ya mwenye mgahawa na shilingi 500 ya binti anayelipwa kwa siku, anayegombania daladala kutoka Nyakato alfajiri, zinafanana kwa tarakimu tu. Mama anaeleza kwamba wafanyakazi wenyewe walikubaliana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mipaka kwenye makato ya ujira kwa sababu inafahamika kwamba makubaliano na mwajiri hayana uhuru uleule wa makubaliano na jirani, na ingawa kopo si makato rasmi, ningelipenda libaki kwa ajili yake Mama peke yake. Angepata mfano uleule bila kumgusa mtu mfukoni.

Kasoro kubwa zaidi niliigundua Mama alipokwenda msibani Magu na kukaa huko siku kadhaa. Wengi huamini kwamba kiongozi hupimwa kwa yale yanayofanyika akiwa hayupo, na kwa kipimo hicho mgahawa ulifaulu karibu kwa kila kitu. Samaki walipimwa kwenye mstari, ubao uliandikwa kwa mwandiko mwingine lakini kwa ukweli uleule, oda zilirudiwa, na mpishi mkuu, aliyeachiwa usimamizi, alinawa kwenye ndoo ya mbele na kula wa mwisho. Hakuna aliyekuwa akimwogopa mtu. Shida ilikuja kwenye malipo. Wateja wengi hulipa kwa lipa namba, na ujumbe wa kuthibitisha malipo huingia kwenye simu ya Mama, ile ya mfuko wa aproni, ambayo siku hizo ilikuwa Magu. Mteja alionyesha ujumbe wake kwamba amelipa, na msimamizi hakuwa na njia ya kuuhakikisha. Ikabidi apige simu msibani kila mara, na mtandao wenyewe ulikuwa wa kubahatisha. Tulikuwa watu watano tumesimama kaunta, kila mmoja ameinua simu yake, na dada huyo msimamizi akiomba radhi kwa kosa lisilo lake. Mmoja wetu aliyelipishwa zaidi kimakosa hakurudishiwa fedha siku hiyo, kwa sababu hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kurudisha.

Kwa hiyo Mama amegawa kazi zote na ameruhusu maamuzi mengi, ila fedha bado ameishikilia mwenyewe. Ninaelewa hofu yake, kwa kuwa biashara nyingi ndogo zimekufa kwa kuaminiana kupita kiasi. Lakini yule mpishi anayeaminiwa kumkatalia muuzaji ndoo nzima ya samaki angeweza kuaminiwa kurudisha shilingi elfu tatu, au angalau kuachiwa laini ya simu inayopokea ujumbe. Nilimweleza Mama hivyo aliporejea. Alinisikiliza hadi mwisho, hakunikatiza, hakujitetea, akasema atalifikiria. Simu bado ipo kwenye aproni.

Bei, nilipokwenda hivi karibuni, zilikuwa kama ifuatavyo: sato wa kukaanga au wa mchemsho kati ya shilingi 9,000 na 15,000 kulingana na ukubwa, kipande cha sangara shilingi 6,000, dagaa na ugali shilingi 3,500, supu ya kichwa shilingi 3,000. Majirani ni nafuu kwa shilingi elfu moja au mbili kwa sato, na sababu ya tofauti hiyo imechorwa kwa rangi ya buluu juu ya ukuta. Mgahawa hufunguliwa asubuhi kwa supu na hufungwa jioni samaki wanapoisha, na Jumapili huanza baada ya ibada. Kundi linalotaka sato wakubwa litoe taarifa jioni ya siku iliyotangulia na kulipa nusu. Ukubwa uliokubaliwa ndio utakaopikwa, na ukikosekana Mama au msimamizi hupiga simu kabla hamjatoka nyumbani. Magari yaachwe barabarani juu, kwani kichochoro hakipitiki. Beba fedha taslimu kidogo, na ukisikia Mama amesafiri, beba zote.